Kiingereza: kila insha inarudi na CS ya wino mwekundu, hiki kishazi huru ni kitu gani hasa?

NesiWaMbeya:

Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua grama ya Kiingereza maana mimi hapa nimegonga ukuta.

Mimi ni nesi, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nataka bendi 7 kwenye kuandika, nikalipia mwalimu wa mtandaoni awe ananisahihishia insha, sasa kila nikituma zinarudi nyekundu utadhani zimechinjiwa kuku, pembeni kaandika CS, CS, FRAG, CS, nikamuuliza akanijibu mstari mmoja tu eti nikajifunze kishazi huru kwanza, nikaenda kusoma nikakuta kila mahali wanasema ni maneno yenye wazo kamili yanayoweza kusimama peke yake, sasa mimi nazisoma sentensi zangu naona zote zina wazo kamili na zimesimama zenyewe bila hata fimbo

Nawawekea chache muone:

"The bus broke down at Chalinze, we waited for three hours." Hapo kaweka CS.

"The doctor did not see him. Because he was not around." Hiyo ya pili kaweka FRAG.

"The patients waiting outside since morning." FRAG tena.

"Although I studied nursing, but I was working in the pharmacy." Kaizungushia "but" duara mara mbili, alikuwa na hasira huyo.

"I called the driver, however he did not answer." CS.

Ile ya basi ndo inaniuma zaidi. Basi liliharibika, tukasubiri masaa matatu. Kipi hakijakamilika hapo jamani?

Kipanga_Mweusi:

CS ni "comma splice" dada, yaani umebandika koma mahali palipotakiwa nukta. FRAG ni kipande cha sentensi. Dawa yake rahisi, weka nukta kila mahali maisha yaendelee. The bus broke down. We waited. Mimi hivo ndo nilipita.

NesiWaMbeya:

Nilijaribu hiyo mkuu, akaniandikia eti naandika kama mtoto wa darasa la tatu 😭

Mwalimu_Mstaafu:

Binti yangu pole na wino mwekundu. Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nywele zikawa nyeupe na hizo sentensi zako tano nimezisahihisha mara elfu, majina ya watoto tu ndo yalikuwa yanabadilika. Huyo mwalimu wako kama hajui Kiswahili hawezi kuona kosa linatoka wapi. Linatoka kwenye Kiswahili chako, tena kizuri.

Kwanza hilo la wazo kamili liweke pembeni, limepotosha watu wengi. "She took it there." Nani? Nini? Wapi? Wazo halijakamilika hata robo, lakini ni kishazi huru hakina doa. Halafu mtu akikuuliza mbona mgonjwa hajaonwa ukamjibu "Because the doctor was not around" amekuelewa, anaondoka zake, ila bado ni kishazi tegemezi. Kwa hiyo usipime wazo, pima umbo. Kishazi huru cha Kiingereza kinataka kiima kilichoandikwa kikaonekana, kinataka kitenzi kinachoonyesha wakati, na mbele yake pasiwe na neno linalokifunga kwa mwenzake, mfano because, although, when, if, since, unless, which. Hilo neno mimi darasani nilikuwa naliita kamba.

Sasa geukia kwetu. Nilifika. Neno moja, kiima kimo, wakati umo, kishazi huru. Nilipofika. Nimechomeka -po- tu na tayari kimefungwa, msikilizaji anabaki amekutolea macho, ulipofika ikawaje? Nikifika, ningefika, niliyefika, ni vilevile. Sisi kamba yetu iko tumboni mwa kitenzi. Mwingereza kamba yake iko nje, ni neno zima linalokaa mbele: I arrived, when I arrived, if I arrive. Ukilisahau hilo neno hakuna kingine cha kubeba kazi yake.

Ndo yaliyokukuta Chalinze. Kichwani ulikuwa unasema "basi liliharibika Chalinze, tukasubiri masaa matatu", Kiswahili safi kabisa na ile koma inatosha, kwa sababu -ka- iliyomo ndani ya "tukasubiri" ndo inayounganisha, imebeba "halafu" na "kwa hiyo" zote mgongoni. Ukaanza kutafsiri. Tu- ikawa "we", subiri ikawa "waited", -ka- ikaenda wapi? Ilishukia Chalinze. Koma ikabaki peke yake inashikilia vishazi huru viwili na koma ya Kiingereza haina misuli hiyo. Irudishe -ka- kwa neno lake: "The bus broke down at Chalinze, so we waited for three hours." Ukitaka tumia "and", au kifunge kimoja kwa kamba kiwe tegemezi: "When the bus broke down at Chalinze, we waited for three hours." Ukianza na kile chenye kamba weka koma katikati, ukikipeleka mwisho mara nyingi koma haihitajiki.

Ya wagonjwa nayo ni hivi. "Waiting" umeichukulia kama "wanasubiri", lakini ikiwa peke yake hivyo iko karibu zaidi na "wanaosubiri" au "wakisubiri". Soma: wagonjwa wanaosubiri nje tangu asubuhi. Eh, wamefanyaje? Unaona. Kipimo changu ni kuisogeza sentensi iwe ya jana, neno litakalobadilika ndo kitenzi chenye wakati. "The patients are waiting", jana inakuwa "were waiting", neno "are" limecheza kwa hiyo kitenzi kipo. "The patients waiting", jana bado "the patients waiting", hakuna kilichotikisika. Andika "The patients have been waiting outside since morning."

Na "although... but" ni Kiswahili chetu cha "ingawa nimesomea unesi lakini". Sisi tunasema na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "but" kazi yake ni kuunganisha vishazi huru viwili, na wewe cha kwanza umeshakifunga kwa "although", sasa "but" inafika inakuta mmoja tu mlangoni. Chagua moja, although au but, basi.

Ile ya "however" naomba mwingine aichukue, macho yameanza kuuma na hii simu.

NesiWaMbeya:

Shikamoo mwalimu. Hapo kwa "ilishukia Chalinze" nimecheka mpaka mgonjwa kitanda cha tatu kaniuliza kuna nini. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu -ka-.

Ila mwalimu swali moja. "The nurse said the doctor had left." Hapo nahesabu vitenzi viwili vyenye wakati, "said" na "had left", na "the doctor had left" haina kamba yoyote na ikisimama peke yake iko sawa. Kwa hiyo ni vishazi huru viwili vimegandana bila hata koma? Mbona hiyo hajaiwekea kitu?

Baharia254:

Salamu kutoka Mombasa. Mwalimu apumzike, ya "however" naishika mimi.

Kuna viunganishi saba tu ambavyo pamoja na koma vinaweza kushika vishazi huru viwili: for, and, nor, but, or, yet, so. Walitukaririsha kwa herufi za mwanzo, FANBOYS, sijui hao mafanboi walikuwa wa nani. "However" haimo humo. Na hata ukisahau orodha kuna njia ya kuibaini, jaribu kulihamisha hilo neno ndani ya kishazi chake. "He did not answer, however." Inakubali. "He, however, did not answer." Inakubali tena. Sasa fanya hivyo na "but": "he but did not answer", haiwezekani hata kwa rushwa. Kinachohama hama ni kielezi, na kielezi hakiungi vishazi, kinapita tu kutoa maoni. Kwa hiyo kwenye sentensi yako "however" imekaa pale imependeza lakini kazi yote bado imeachiwa ile koma. Tia nukta, au nukta mkato: "I called the driver; however, he did not answer." Na baada ya "however" hapo weka koma.

Therefore na moreover ni mbari moja na hiyo. Lakini inayotumaliza sisi haswa ni "then", maana sisi "halafu" na "kisha" tunazitumia kuunga bila wasiwasi. "We waited, then we took another bus." Wasahihishaji wakali wanakuwekea CS. Andika "and then" ulale usingizi.

AliyepitaMara3:

Mimi huo mtihani nimeukaa mara tatu dada kwa hiyo nisikilize na mimi kidogo. Kwenye kuandika wanapima vitu vinne na kila kimoja ni robo ya alama, sarufi ni kimojawapo tu, usije ukakesha na koma ukasahau kujibu swali lenyewe. Lakini hiyo robo ya sarufi inahusu mambo mawili kwa pamoja, usahihi na aina za sentensi, ndo maana ushauri wa Kipanga wa nukta kila mahali unakuangusha, utakuwa sahihi ila sentensi zote zinafanana. Kwenye bendi 7 wanataka sentensi zisizo na kosa ziwe nyingi, hawasemi zote. Mimi mara ya pili nilikuwa nahakiki koma moja moja mpaka ile insha kubwa ikaishia maneno mia mbili na kitu wakati wanataka yasipungue 250. Dakika 40 zinaisha kama chai ya ofisini.

MbishiWaKariakoo:

Wakuu mnatisha watu na visheria. Julius Caesar alisema "I came, I saw, I conquered", vishazi huru vitatu, koma mbili, hakuna and hakuna so. Mbona yeye hakuwekewa CS?

Kipanga_Mweusi:

Nani angemuwekea, unataka kusulubiwa?

Mwalimu_Mstaafu:

Nimerudi, nimekunywa maji.

Mbishi swali lako zuri kuliko unavyodhani. Caesar hakusema Kiingereza, alisema Kilatini, veni vidi vici, mwaka 47 KK baada ya kumpiga mfalme Pharnaces kule Zela, sasa hivi iko Uturuki. Maneno matatu tu. Kwa nini matatu? Kwa sababu Kilatini kama sisi, kiima kimo ndani ya kitenzi, veni peke yake ni "nilikuja". Mwingereza ili aseme hivyo imembidi aongeze "I" mara tatu. Na sisi tungesemaje? Nilikuja, nikaona, nikashinda. Umeziona hizo -ka- mbili zilivyoingia zenyewe bila kuitwa? Ndo nilichokuwa namwambia huyu binti.

Kuhusu koma, ni kweli vishazi vifupi sana, vinavyofanana umbo na vinavyofuatana kama ngazi, Waingereza wanavivumilia hivyo. Waandishi wao wakubwa wanafanya pia makusudi. Ila yule anafanya akijua na msomaji anajua kwamba anajua. Kwenye chumba cha mtihani hakuna anayekujua.

Sasa swali la binti, "The nurse said the doctor had left". Umeona mbali sana. Hapo kamba ipo ila imefichwa, ni "that": said that the doctor had left. Kiingereza kinaruhusu kuidondosha. Lakini hata bila kuiona unaweza kuuliza, nesi alisema nini? Jibu ni "the doctor had left", maana yake hicho kishazi chote kimemezwa kimekaa mahali pa yambwa ya "said", kama vile ungesema alisema neno. Kilichoko tumboni mwa mwenzake hakiwi huru hata kama kingetoka nje kingetembea vizuri. Wewe kama nesi unanielewa, mtoto akiwa tumboni humhesabii kitanda.

Linganisha na "The nurse left, the doctor stayed." Nesi aliondoka nini? Swali halipo. Kila mmoja kasimama kwa miguu yake kwa hiyo hapo koma peke yake haitoshi.

MamaJunior_Tanga:

Jamani mimi shule niliyosoma ukianza sentensi na "Because" unachapwa, mwalimu alikuwa na kabomba kake ka mpira pale mlangoni. Mpaka leo nikiandika barua pepe kazini siwezi kuanza na Because mkono unakataa. Ni sheria kweli au tulichapwa bure?

Baharia254:

Mlichapwa bure mama, pole sana. "Because the doctor was not around, the patients went home." Haina kosa lolote, kishazi tegemezi kimetangulia na kishazi huru kimekifuata. Kosa ni kuweka nukta kabla kishazi huru hakijafika, kama alivyofanya dada hapo juu. Nadhani mwalimu wenu alichoka kusahihisha hizo FRAG akaona afadhali apige marufuku neno zima.

MamaJunior_Tanga:

Mweh. Na nilichapwa sana.

MbishiWaKariakoo:

Sawa nimekubali la Caesar. Sasa "Wait!" je? Mmesema kiima lazima kionekane.

Mwalimu_Mstaafu:

Kwenye amri tu ndo kiima "you" kinafichwa, na ni kishazi huru kabisa. Mbishi wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ungekaa dawati la mbele.

NesiWaMbeya:

Nimekaa usiku wa zamu nimeandika upya ile aya yote. Kwa kila sentensi nimefanya ile ya jana, nimetafuta kamba, nimehesabu. Naombeni mnisahihishie kabla sijamtumia yule bwana:

"Last year I travelled from Mbeya to Dar es Salaam for an interview. The bus broke down at Chalinze, so we waited for three hours. I called the driver of another bus. However, he did not answer. Was raining heavily. When I finally arrived, the interview was over. Although I had all my certificates with me, they told me to come back the following week."

Kipanga_Mweusi:

Dada pole na safari, hao jamaa hawana utu kabisa.

Baharia254:

Safi sana hii. Iko moja tu imekuponyoka, namwachia mwalimu.

Mwalimu_Mstaafu:

Hongera binti. Imekuponyoka ya mvua. "Was raining heavily" ina kitenzi chenye wakati lakini kiima kiko wapi? Sisi tukisema "ilikuwa inanyesha" ile i- ya mwanzo inatosha, hata mvua yenyewe hatuitaji. Mwingereza hawezi, lazima aweke "it" hata kama hiyo "it" haimaanishi kitu chochote duniani, imewekwa tu kujaza kiti. "It was raining heavily." Na ukitaka kuifurahisha zaidi iunge na ya mbele yake: "It was raining heavily, and when I finally arrived, the interview was over."

MbishiWaKariakoo:

Ila dada na wewe, aya yako ya pili pale juu kabisa nimeipitia tangu mwanzo mpaka mwisho, haina nukta hata moja. Hata mwishoni hukuweka 😂

NesiWaMbeya:

Hiyo ni Kiswahili bana, -ka- zilikuwa kazini.

NesiWaMbeya:

Wakuu mrejesho. Insha imerudi leo mchana, nimeweka "it" kama mwalimu alivyosema. CS sifuri. FRAG sifuri. Kuna sehemu moja tu nyekundu, kaandika SP pembeni yaani neno limekosewa herufi, nikaangalia kazungushia "Chalinze".

Kipanga_Mweusi:

Mwambie ndo -ka- ilikoshukia.